Jinsi ya kupima uhusiano wa chembe katika migongano ya viini, kwa kompyuta moja na betri ya saa mbili

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Katuba, Lubumbashi. Jumamosi kuanzia saa nane mchana wanafunzi wangu watatu wa mwaka wa sita huja kwangu, tunaketi barazani na kompyuta moja ya mtumba. Wawili kati yao ni mapacha, Kyungu na Kabange, majina ambayo Waluba huwapa mapacha wao, na utaona mbele kwamba upacha wao umenisaidia kufundisha kuliko kitabu chochote. Umeme ukiwepo tunafanya kazi mpaka jua linazama. Ukikatika tunabaki na betri, na betri hiyo ina saa mbili, haizidi. Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa yanaingia ndani ya saa mbili.

Andaa Python (lugha ya kuandikia programu) na maktaba yake ya NumPy, karatasi, kalamu, na kikokotoo chenye kosini. Mega zako zitaliwa siku moja tu, ile ya kupakua programu. Baada ya hapo zima intaneti, hatuihitaji mpaka mwisho kabisa.

Tunachopima ni nini? Karibu na Geneva, kwenye mviringo wa kilomita 27 chini ya ardhi, mashine ya LHC hugonganisha viini vya atomi za risasi, ile metali nzito, si ya bunduki. Kiini kimoja kina protoni 82 na neutroni 126. Walianza Novemba 2010, kwa nishati ya TeV 2.76 (teraelektronivolti) kwa kila jozi ya nukleoni, yaani protoni au neutroni, na katika migongano ya uso kwa uso zilitoka chembe zenye chaji karibu 1600 katika kipande cha katikati peke yake. Mgongano wenyewe hakuna anayeuona. Umekwisha kabla hujaanza kufikiri. Kinachobaki mkononi ni orodha: chembe ya kwanza ilienda upande huu, ya pili ule, ya tatu kule. Basi swali letu ni kama la mama anayechungulia wageni wa harusi: hawa walikuja pamoja, au kila mtu na njia yake?

Viini viwili vikigongana bila kukutana sawasawa, vikipishana kidogo, eneo linalogusana huwa na umbo kama kokwa la embe: refu upande mmoja, jembamba upande mwingine. Kama vitu vilivyomo ndani vingekuwa gesi nyepesi, kila chembe ingetoka bila kujali umbo hilo, na pande zote zingepata sawa. Lakini vinasukumana kama kimiminika, na msukumo ni mkali zaidi kwenye ule upande mwembamba. Chembe nyingi hutokea huko, mbele na nyuma. Mwaka 2005 watu wa maabara ya Brookhaven, New York, walitangaza kwamba walichokitengeneza kwa kugonganisha dhahabu ni kimiminika, tena chenye mnato mdogo mno. Wingi wa tofauti hiyo kati ya pande mbili huitwa v2. Wanafunzi wangu, kwa kuwa tunasomea Kifaransa, huisema "vede".

Ugumu uko hapa: kokwa limelala upande gani? Kila mgongano una pembe yake, wala hakuna anayekuambia. Ukichanganya migongano elfu moja ukachora pembe za chembe zote, unapata mstari ulionyooka, kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana tunapima jozi. Chukua chembe mbili za mgongano mmoja, toa pembe ya moja kwenye pembe ya nyingine, na ile pembe ya kokwa usiyoijua inajifuta yenyewe. Elewa hilo kwanza, maana kazi yote imesimama juu yake.

Anza na karatasi

Usiguse kompyuta bado. Chora duara, weka chembe nne kwenye digrii 10, 25, 190 na 205. Jozi ni sita. Tofauti zake ni 15, 180, 195, 165, 180, 15. Hiyo 195 igeuze iwe 165, maana kwenye duara unahesabu njia fupi. Sasa zidisha kila tofauti kwa 2 na utafute kosini yake. Digrii 15 inatoa kosini ya 30, yaani 0.866. Digrii 165 inatoa kosini ya 330, 0.866 vilevile. Digrii 180 inatoa 1. Jumlisha zote sita, gawa kwa sita: 0.911. Mzizi wake wa mraba ni 0.954, na hiyo ndiyo v2 ya mgongano wetu wa karatasini. Ni kubwa kupita kiasi kwa sababu nimezipanga chembe kwa makusudi. Kwenye migongano ya kweli utakutana na kitu cha karibu na 0.1 au pungufu.

Kwa chembe nne, jozi sita, karatasi inatosha. Kwa chembe 100 kuna jozi 4950, na kwa chembe 1000 kuna 499,500. Kompyuta ya mtumba ikihesabu jozi moja moja itakula betri yako kama mchwa. Kuna njia ya mkato, na ninaipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii.

Kwa kila chembe tafuta kosini na saini ya mara mbili ya pembe yake. Jumlisha makosini yote, upate X. Jumlisha masaini yote, upate Y. Kisha X mraba ongeza Y mraba: hiyo tuiite Q mraba. Ukiwa na chembe M, wastani wa jozi zote ni

(Q² − M) / (M × (M − 1))

Jaribu na zile nne. X ni 3.165, Y ni 2.216, Q² ni 14.93. Toa 4, zinabaki 10.93. Gawa kwa 12. Unapata 0.911 ileile, bila kugusa jozi hata moja. Fanya kwa mkono wako, usiniamini.

Kutengeneza migongano yako mwenyewe

Sasa washa kompyuta. Data za kweli ziache kwanza, tengeneza za kwako, ambazo jibu lake unalijua. Kwa kila mgongano chagua kwa bahati pembe ya kokwa. Kisha chagua pembe ya chembe kwa bahati, kati ya digrii 0 na 360, na chagua namba nyingine ya bahati kati ya 0 na 1.2. Kokotoa 1 ongeza 0.2 mara kosini ya mara mbili ya tofauti kati ya pembe ya chembe na pembe ya kokwa. Kama ile namba ya bahati ni ndogo kuliko ulichokokotoa, chembe ibaki. Kama ni kubwa, itupe. Endelea mpaka zibaki 100. Hicho ni kichujio, kama cha unga wa bukari: kinachopita kinapita. Hiyo 0.2 ni mara mbili ya v2, kwa hiyo v2 uliyoificha humo ndani ni 0.1. Rudia kwa migongano 1000.

Pitisha kila mgongano kwenye ile fomula, tafuta wastani wa majibu 1000, na unapaswa kuona takriban 0.010. Ikitoka 0.0096 au 0.0104 usihangaike, bahati huyumba kiasi hicho. Mzizi wake, 0.1.

Hapa lazima nitubu. Mara ya kwanza nilipoiandika programu hii, msimu wa mvua wa mwaka juzi, ilinipa 0.1 papo hapo. Nilifurahi, nikawaonyesha watoto, nikampigia simu mwenzangu niliyesoma naye. Kabange akaangalia skrini akaniuliza, taratibu tu: "Mwalimu, na kama hamuna kitu mule ndani, itatoa ngapi?"

Nikaweka v2 kuwa sifuri. Ikatoa 0.1.

Tulikaa nayo mpaka betri ikafa, tukaendelea kwa mshumaa na karatasi. Makosa yalikuwa mawili, na yalishikana mikono yakanidanganya. La kwanza: nilichuja chembe vizuri, halafu kwenye mstari uliofuata nikaipa fomula orodha ya zile zisizochujwa. Kwa hiyo humo hamkuwa na kokwa lolote, zilikuwa chembe za bahati tupu. La pili: nilisahau kutoa M. Ukisahau kutoa M, unahesabu kila chembe pamoja na yenyewe, na hakuna kinachofanana na wewe kuliko wewe mwenyewe. Kila chembe inachangia 1 kamili. Kwa chembe 100, uongo huo ni 100 gawa kwa 100 mraba, yaani 0.01, na mzizi wake ni 0.1. Namba niliyokuwa naitafuta, desimali kwa desimali.

Tangu siku hiyo kwangu hakuna anayepima kitu kabla hajapima patupu. Weka v2 sifuri, endesha programu, uone sifuri kwa macho yako. Kwa migongano 1000 yenye chembe 100, jibu kabla ya mzizi linapaswa kucheza karibu na sifuri kwa kiasi cha 0.0003 juu au chini. Likitoka hasi, NumPy itakataa kutafuta mzizi na kukuandikia "nan", yaani "si namba". Wacha iandike. Wengine huondoa alama ya kutoa ili programu isilalamike, na hapo wamejitengenezea v2 kutoka hewani.

Tundu kwenye kipimaji

Vipimaji vya kweli vina sehemu zilizokufa: waya umekatika, kipande hakina umeme. (Hili sisi hatuhitaji kuelezwa.) Iga hali hiyo: kwenye data zako tupu, futa kila chembe iliyo kati ya digrii 60 na 90. Pima tena kwa fomula. Utapata karibu 0.0075, mzizi wake 0.087, na humo ndani hamna kitu. Tundu la digrii 30 tu.

Sasa sikiliza. Timu ya ALICE, kimojawapo cha vipimaji vya LHC, walipochapisha kipimo chao cha kwanza cha v2 kwa risasi, mwaka 2010, namba yao kwa migongano ya kundi la asilimia 40 hadi 50, yaani ile ya kupishana kiasi cha wastani, ilikuwa 0.087. Ya kwao ilikuwa ya kweli, waliisafisha kwa njia nyingi. Ya kwako ni tundu. Kwa kutazama namba peke yake huwezi kutofautisha.

Dawa ni kuchanganya migongano. Chukua mfano wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Simama ndani uandike kila mama ameingia kwa mlango gani. Utagundua wengi wanaingia kwa mlango mmoja. Ni kwa kuwa wanajuana? Labda. Au labda ni kwa kuwa Hiace zote zinashusha hapo, na mlango wa pili umezibwa na lori la mahindi. Ili ujue, mpange mama wa Jumatatu na mama wa Jumanne. Hao hawakuja pamoja, haiwezekani. Mfanano wowote unaoubaini kati yao ni wa milango. Gawa ulichoona kwa jozi za siku moja kwa ulichoona kwa jozi za siku mbili tofauti, na kinachobaki ndicho cha watu.

Kwa chembe ni hivyohivyo. Tengeneza histogramu mbili za tofauti ya pembe, vyumba 36 vya digrii 10 kila kimoja, yaani duara zima, bila kufupisha njia kama tulivyofanya karatasini. Ya kwanza jaza kwa jozi za mgongano mmoja. Hapa ni lazima upitie jozi kwelikweli, njia ya mkato haikusaidii, kwa hiyo fanya wakati betri imejaa. Ya pili jaza kwa kuchukua chembe ya mgongano wa sasa na chembe za migongano mitano iliyotangulia. Gawanya kila histogramu kwa jumla ya jozi zake, halafu ya kwanza gawa kwa ya pili, chumba kwa chumba. Tundu litatoweka. Kama uliweka v2 ya 0.1, utaona wimbi linalopanda hadi 1.02 kwenye digrii 0 na 180, na kushuka hadi 0.98 kwenye digrii 90. Ni wimbi dogo, asilimia mbili tu. Kwa migongano 1000 una jozi karibu milioni tano, kila chumba kama 137,000, kwa hiyo bahati inayumbisha kila chumba kwa chini ya asilimia 0.3 na wimbi linaonekana bila miwani.

Jihadhari na jambo moja kwenye kuchanganya: migongano unayochanganya ifanane. Idadi ya chembe iwe karibu, na mahali ulipotokea mgongano ndani ya kipimaji pawe karibu. Usichanganye siku ya soko kubwa na siku ya mvua.

Mapacha

Kyungu na Kabange huja kwangu dakika ileile, kwa njia ileile. Mtu akiwahesabu atadai kuna mkondo wa watu kutoka kwao kuja Katuba. Hakuna mkondo, ni ndugu wawili. Kwenye migongano pia kuna mapacha: chembe moja nzito inapasuka na kutoa mbili zinazoelekea karibu upande mmoja, au kwaki moja (kijipande cha ndani ya protoni au neutroni) iliyopigwa kwa nguvu inatoa mnyunyizo mzima wa chembe mahali pamoja. Zinaongeza v2 bila kuwa sehemu ya kimiminika.

Ili kuwatenga, angalia pembe ya pili, ile ya kutoka kwenye mstari wa mwali, yaani njia ambayo viini vilijia. Igeuze iwe pseudorapiditi: tanjenti ya nusu ya pembe, kisha logi asilia, kisha geuza alama. Digrii 90 inatoa 0, digrii 40.4 inatoa 1, digrii 15.4 inatoa 2. Mapacha hukaa karibu kwa kipimo hiki pia, kimiminika hakijali. Basi tumia jozi zile tu ambazo zimeachana kwa zaidi ya 1, na ukiweza kwa zaidi ya 2. Njia nyingine ni kupima chembe nne nne badala ya mbili mbili, kwa kuwa ndugu wawili hawawezi kujaza kundi la wanne. Ndivyo ALICE walivyopata ile 0.087. Fomula yake ni ndefu, ifanye ukiwa na umeme.

Kuhusu shaba yetu

Baba yangu alifanya kazi miaka mingi ya kuyeyusha shaba, na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini nimekitazama tangu utotoni. Kwa hiyo nilipojua kwamba mwaka 2005 Brookhaven waliacha dhahabu kwa muda wakagonganisha viini vya shaba, nilisoma kila nilichokipata.

Kiini walichotumia kina protoni 29 na neutroni 34, jumla 63. Ni kidogo. Shaba kwa shaba ikigongana uso kwa uso, eneo la kukutana ni duara, hakuna kokwa la embe, na v2 ingepaswa kuzama karibu na sifuri. Haikuzama. Kundi la PHOBOS, moja ya timu za Brookhaven, ndilo lililoeleza vizuri kwa nini: kiini si mpira laini. Nukleoni zake zimekaa ovyo, kama mawe ndani ya gunia, na kila mgongano huzikuta zimekaa kivingine. Kiini kikubwa kina nukleoni nyingi, uovyo wake unajifuta. Cha shaba hakina za kutosha kuuficha. Kwa hiyo umbo la eneo la mgongano ulitafute kwa nukleoni zilizogongana kweli, usilitafute kwa mchoro wa duara mbili zinazopishana.

Wazo hilo lilifungua mlango mwingine. Kama mawe yamekaa ovyo, mara nyingine yatafanya umbo la pembetatu. Mwaka 2010 Burak Alver na Gunther Roland walionyesha kwamba pembetatu hiyo huacha alama yake kwenye chembe, v3, na vilima vya ajabu kwenye histogramu za jozi, ambavyo watu walikuwa wamevipa maelezo mengine kwa miaka vikapata jibu. Mwaka 2012 Brookhaven wakagonganisha urani, ambayo kiini chake kimerefuka. Shaba na urani: ukisoma orodha hiyo ukiwa Katanga, na Shinkolobwe, ule mgodi wa urani, iko jirani na Likasi, unaguna tu.

Ukipata mega

Usikimbilie kupakua data ghafi. CERN, maabara yenye mashine ya LHC, ina hazina yake ya wazi, na humo mna migongano ya risasi, lakini mafaili ni makubwa, yatakufilisi. Nenda HEPData, hazina ya majedwali ya vipimo vilivyochapishwa. Jedwali moja la v2 ni jepesi kuliko picha ya simu. Pakua lile la risasi kwa TeV 2.76, soma v2 ya kila kundi la mgongano, iweke ndani ya kichujio chako badala ya ile 0.1, na uone kama programu inakurudishia ulichoiwekea. Anza na kundi la uso kwa uso, ambako v2 ni ndogo na makosa yako yote hujitokeza.

Jumamosi iliyopita betri ilibaki asilimia 11 tukaifunga kompyuta, lakini Kyungu alitaka v3. Nikamwambia arudi kwenye zile chembe nne za karatasini, azidishe kila tofauti kwa 3 badala ya 2. Kosini ya 45 mara mbili, kosini ya 495 mara mbili, kosini ya 540 mara mbili. Za kwanza nne zikafutana, zikabaki −1 mbili. Alipogawa kwa sita akapata −0.333, akanitazama.

"Mzizi wake?" akauliza.

Kabange akamnyang'anya kalamu, akaandika pembeni: "nan".